Hawa ni Wenzetu: Kisa cha Familia Moja, Mbuga Mbili na Maji ya Bamvua

Kisa hiki nakitumia kufundishia waongozaji na waratibu wa safari. Nimeondoa majina ya watu, mji wanakotoka, kampuni iliyowasafirisha na kijiji walichofikia Unguja, na baadhi ya mambo madogo nimeyasogeza ili mtu asitambulike. Majina ya hifadhi nimeyaacha, kwa sababu bila hayo kisa hakieleweki. Nilizungumza na mratibu, dereva, mkwe wa familia na mama aliyewakaribisha kijijini. Maelezo yao yalitofautiana kuhusu saa, lakini hayakutofautiana kuhusu nani alisema nini.

Usuli

Mama alistaafu ualimu, na mwaka uliofuata wanawe wakaamua kumpeleka kutembea. Aliyelipa ni mtoto mkubwa, anayefanya kazi nje ya nchi. Walikwenda saba: Mama, mdogo wake wa kiume, ambaye kila mtu garini, hata dereva, aliishia kumwita Mjomba, mtoto mkubwa na mkewe, binti wa chuo, kijana wa sekondari, na mjukuu wa miaka tisa. Wote ni watu wa bara. Wawili tu walikuwa wameshawahi kuiona bahari, tena Dar es Salaam, siku ya sikukuu, mahali ambapo maji yakitoka kidogo hakuna anayejali.

Ilikuwa likizo ya Juni. Ratiba ilikuwa Tarangire siku moja, kreta ya Ngorongoro siku moja, kisha ndege hadi Unguja na siku nne pwani ya mashariki. Siku moja kati ya hizo nne ilitengwa kwa chakula cha mchana nyumbani kwa mwanakijiji, kitu ambacho kampuni huwauzia wageni kama sehemu ya matembezi.

Kampuni ina waraka wa kurasa kadhaa unaotumwa kwa kila mgeni kutoka Ulaya na Marekani. Ndani yake mna mavazi, viatu, ruhusa ya kupiga picha, saa za maji kujaa na kupwa, na fomu ya kuuliza magonjwa. Waraka huo uko kwa Kiingereza. Familia hii haikutumiwa. Nilipomuuliza mratibu sababu, hakusita: "Hawa ni wenzetu. Ningewaandikia nini, kwamba wavue viatu mlangoni?" Walipigiwa simu wakaambiwa wabebe sweta na nguo za kuogelea.

Hata bima ilikwenda hivyo hivyo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa kutoka nje ya nchi anayeingia Zanzibar hulazimika kuwa na bima ya safari ya dola 44. Raia wa Tanzania hahusiki, na ni sawa, lakini maana yake ni kwamba mwenyeji anayetembea hana mtu anayemkumbusha kwamba naye anaweza kuumia.

Mama alikuwa na kisukari cha miaka mingi, na nyayo zake zilikuwa na ganzi. Mkwe alijua. Mratibu hakujua, kwa kuwa swali hilo lilikuwa kwenye fomu ambayo hakuituma.

Siku ya kwanza: Tarangire

Kabla ya kuondoka Arusha dereva alifanya jambo moja zuri. Alimwona kijana amevaa suruali ya madoadoa kama ya jeshi, akamvuta pembeni, akamwambia aibadilishe, maana sare za kijeshi na nguo zinazofanana nazo haziruhusiwi kwa raia na zinaweza kuwaletea maneno njiani. Kijana alibadilisha bila watu kujua. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha dereva anajua kazi yake. Yaliyofuata hayakutokana na uzembe wa mtu mmoja.

Binti alikuwa amevaa suruali ya kubana ya bluu iliyoiva. Tarangire ina mbung'o, na mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi. Mitego ya kuwanasia hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Aling'atwa mapajani hadi akalia. Dereva alicheka kidogo, akasema, "Pole dada, rangi hiyo wanaipenda." Mgeni aliyesoma waraka angekuja na kaki.

Mchana Mjomba akataka kuchimba dawa. Dereva akamwambia, "Mjomba, tuvumilie dakika kumi, tunafika penye choo." Mjomba akajibu kwamba yeye si mtoto, akashika kitasa. Walikuwa kwenye majani marefu, mahali ambapo huwezi kuona hata nyati aliyelala. Kanuni ya hifadhi iko wazi: hushuki garini isipokuwa mahali palipotengwa. Lakini dereva ana miaka kama thelathini, na aliyekuwa anashika kitasa angeweza kuwa baba yake.

Hakumkatalia. Aligeuka akamwambia Mama, "Mama, naomba unisaidie kuongea na mjomba, tukishuka hapa mimi ndiye nitakayeulizwa." Mama hata hakugeuza shingo. "Wewe, kaa." Mjomba akakaa. Dakika kumi baadaye walifika kwenye choo, na kule tumbili wakaiba ndizi zote.

Siku ya pili: kreta

Walilala ukingoni, juu kiasi cha mita 2,300, na usiku wa Juni kule baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Mama alikuwa amenunua viatu vipya vya ngozi kwa ajili ya safari, vyenye kisigino kifupi. Siku ya kwanza vilimbana, miguu ikavimba. Asubuhi ya kreta alivaa soksi mbili na ndala. Mtu yeyote aliyefundishwa kidogo kuhusu kisukari angeshtuka hapo: kiatu kipya kisichozoeleka, kisha mguu uliovimba ndani ya ndala. Garini waliona ni kichekesho cha mama wa kijijini.

Usiku ule mwezi ulikuwa mpevu. Walipiga picha nyingi, mwezi ukiwa juu ya bonde lililozama mita 600 chini yao. Ninayo moja, niliyopewa na mkwe. Mtu wa pwani angeutazama mwezi ule akahesabu siku bila kufikiri: mwezi mpevu ni bamvua, maji yatakupwa mbali sana na yatarudi kwa nguvu. Kwao ulikuwa mwezi mzuri tu.

Chini ya kreta walikula kwenye kituo cha Ngoitokitok, kando ya ziwa la viboko. Mwewe wa pale wanajulikana na kila dereva. Mjukuu alishuka na paja la kuku mkononi, likapokonywa kabla halijafika mdomoni, na kucha zikamkwaruza kidole. Dereva aliniambia wageni wa nje huwa anawaambia wale ndani ya gari. Nikamuuliza kwa nini hawa hakuwaambia. Akakaa kimya kidogo, akasema alidhani wanajua. Watu wa mkoa mwingine, kutoka kilomita mia kadhaa, wajueje tabia za mwewe wa Ngoitokitok?

Siku ya nne: kijijini

Hapa ndipo penye kisa.

Walifika kwa mwenyeji kabla ya saa tano. Mama wa nyumba alikuwa mtu mzima, mkulima wa mwani, kazi ambayo imekuwa tegemeo la wanawake wengi wa pwani ile tangu kilimo chake kilipoanza kibiashara mwaka 1989. Wakavua viatu barazani, wakakaribishwa kwenye mkeka. Pilau, samaki wa kukaanga, kachumbari, maji ya ukwaju. Mama na mwenyeji walielewana mara moja. Walikuwa na umri mmoja na wote wawili walikuwa na maneno mengi kuhusu wakwe.

Doa la kwanza lilikuwa binti. Alikuwa amepita ufukweni asubuhi na kuingia kijijini na nguo ya kuogelea, juu yake fulana iliyoishia mapajani. Mwenyeji hakusema neno. Aliingia ndani akatoka na kanga, akamfunga kiunoni huku akimuuliza anasoma nini chuoni. Baadaye nilipomuuliza kama alikasirika, alinijibu kitu ambacho nakirudia katika kila darasa: "Mzungu akipita hivyo, tunasema hajui. Huyu mwanetu, anasema Kiswahili kama sisi. Watu watasema hana adabu, na mimi ndiye nimemwingiza nyumbani."

Chakula kilikwisha kama saa saba. Watoto wa nyumba wakasema twendeni pwani, maji yametoka. Mama alipofika barazani hakuziona ndala zake. Zilikuwa zimevaliwa na mtu wa nyumbani kwenda uani, kama ndala za barazani zinavyovaliwa kila siku katika nyumba za Waswahili. Angeuliza tu, zingeletwa. Lakini mgeni anayesimama mlangoni akiulizia viatu vyake ni kama anawauliza wenyeji nani kaiba. Mama alilijua hilo vizuri kabisa. Akasema, "Pwani si hapo tu?" akaenda peku.

Kutoka barazani hadi mchangani ni hatua zisizofika mia mbili, lakini njia inapita juu ya jiwe la matumbawe lenye ncha, na mchangani kumejaa vipande vya makome. Mwenyeji alikuwa amevaa yeboyebo. Wenzake waliokuwa kwenye mashamba ya mwani nao walikuwa na raba za zamani au soksi nene. Wakulima wa mwani wa pale hawashuki majini peku kwa hiari yao. Wageni wote walikuwa peku au na ndala.

Mama aliishia kwenye mashamba ya karibu, akasimama na wanawake wakionyeshana kamba. Mtoto mkubwa alitoa simu akaanza kurekodi. Mmoja wa wanawake akainua kichwa: "Mwanangu, unatupeleka wapi sisi?" Alizima simu akaomba radhi. Kijana naye alikatiza katikati ya mistari, akakanyaga kamba mbili, mwani ukakatika. Mwani wa pale huchukua takriban wiki sita kufikia kuvunwa. Wenye shamba walimtazama tu.

Maji yalivyogeuka

Mjomba, kijana na binti walitaka kufika mwambani, pale mawimbi yanapovunjikia, zaidi ya kilomita moja kutoka ufukweni. Maji yalikuwa yamefika mwisho wa kupwa kama saa sita. Walipoanza kutembea, bahari ilikuwa imeshaanza kurudi kwa muda wa saa moja, ingawa kwa macho ya mtu wa bara ilikuwa jangwa la mchanga na vidimbwi.

Maji hayaji kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana kanuni ya kuyagawa mafungu 12: saa ya kwanza huja fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu na ya nne mafungu 3 kila moja, kisha yanapungua tena 2 na 1. Kwa hiyo mtu anayetoka baada ya saa moja akatembea saa nzima hadi mwambani ameona robo tu ya maji yakirudi, na anahisi bado ana muda tele. Nusu nzima ya bahari humjia katika saa mbili zinazofuata, yaani wakati anarudi. Siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa Unguja hufika karibu mita 4. Tena pwani ile haijai kutoka mbele: maji huingia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma, kati ya mwamba na ufukwe, hivyo unapotazama mbele yako ni pakavu, kumbe mgongoni kwako kuna mto.

Waliokuwa wamebaki mashambani ndio waliogundua. Wanawake walikuwa wanafunga kazi, na mmoja akawaona watatu wale wakiwa wadogo kwa umbali. Akapiga kelele: "Rudini! Maji yashageuka!" Hawakusikia, upepo wa kusi ulikuwa unavuma. Mtoto wa nyumbani, wa miaka 12 hivi, alikimbia akawapungia kanga. Walirudi wakimfuata yeye, kwa kuzunguka, kwa sababu alijua mkondo una kina wapi. Binti alivuka maji yakiwa kifuani. Kijana alikanyaga mmoja wa wale wadudu weusi wa baharini wenye miiba mirefu kama sindano, na miiba kadhaa ikakatikia kisiginoni.

Mwenyeji alimtia kisigino kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika kwa muda mrefu, akatoa kwa kibano ile miiba iliyoonekana, na juu yake akapaka utomvu wa papai bichi. Maji ya moto hupunguza maumivu, hilo linakubalika hata hospitali. Papai ni dawa ya pale, haikumdhuru.

Katika purukushani ile yote hakuna aliyeutazama mguu wa Mama. Hata yeye.

Usiku na siku zilizofuata

Mkwe aliona damu kwenye vigae vya chumba saa mbili usiku. Ilikuwa imetoka chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, jeraha la urefu wa kucha, lenye mchanga ndani. Mama alisema hakuhisi kitu. Alisema ukweli, na huo ndio ubaya wa ganzi.

Mtoto mkubwa alitaka waende kituo cha afya usiku ule. Mama alikataa: ni mkwaruzo, wasiharibu safari, kesho wataona. Waliuosha kwa maji safi na kufunga. Kesho yake asubuhi mkwe hakuuliza mtu. Aliita gari na kumwambia Mama wanakwenda kununua kanga. Wakashukia kituo cha afya. Kidonda kilisafishwa, akachomwa sindano ya pepopunda, akapewa dawa za kuzuia maambukizi na kuambiwa asikanyagie mguu ule. Alifuata masharti kwa siku tatu.

Matokeo

Nyumbani kidonda kilivimba. Alilazwa katika hospitali ya mkoa kwa siku kadhaa, sukari ikiwa juu, na kilipona baada ya wiki nyingi za kubadilisha bandeji. Kidole hakikukatwa. Kijana alichechemea wiki moja. Kampuni iliandikiwa barua na mtoto mkubwa, kali lakini ya haki, ikirudisha swali moja: mngekuwa mmewapeleka Wajerumani, mngewaacha hivi?

Kampuni ililipa sehemu ya gharama za matibabu bila kukubali kosa. Mimi naona ilipaswa kukubali.

Uchambuzi

Nianze na yaliyofanya kazi, kwani ni machache na yanafanana. Dereva kumpitia Mama badala ya kumkatalia Mjomba. Mwenyeji na kanga. Mkwe na uongo wa kanga. Yote matatu ni maarifa ya watu wanaojua nani anaweza kumwambia nani nini. Kozi za waongozaji hufundisha kusema "hapana" kwa sauti thabiti. Kwa mgeni wa Kiingereza hilo linatosha. Kwa Mjomba, "hapana" ya kijana wa miaka thelathini ingemfanya ashuke kwa makusudi. Nadhani kila mwongozaji anayechukua familia ya Kitanzania afanye hesabu moja kabla gari halijaondoka: katika gari hili, neno la nani halipingwi? Akishampata, amweleze yeye kanuni zote mapema, kabla ya dharura, ili siku ya kitasa asimshtue.

Lakini njia hiyo ina kikomo. Ilifaa kwa Mjomba kwa sababu kulikuwa na dada yake mkubwa. Kwa Mama mwenyewe hapakuwa na wa kumwambia. Usiku wa kidonda wote chumbani walikuwa wadogo kwake, na saa kumi na mbili zikapotea. Aliyeivunja hali ile ni mkwe, tena kwa hila. Sipendi kufundisha hila, na bado sijaona njia nyingine ambayo ingefanya kazi asubuhi ile.

Sasa viatu. Mtu akisoma kisa hiki haraka atasema tatizo ni ndala, mngempa Mama viatu vya kufunga. Kiatu cha kufunga kingevuliwa barazani vile vile. Ushauri wa viatu tunautoa kwa mahali: mbugani vaa hivi, pwani vaa vile, nyumbani vua. Mama hakuumia hata mahali pamoja kati ya hapo. Aliumia pale adabu ya mlango ilipokwisha na bahari ikawa bado haijaanza, akiwa hana kiatu kwa sababu ya ustaarabu wake mwenyewe. Kwa mtu mwenye ganzi ya miguu kanuni ya daktari ni kutotembea peku hata sebuleni, na kukagua nyayo kila jioni. Kanuni hiyo inagongana uso kwa uso na mkeka wa Mswahili. Ufumbuzi ni mdogo: ndala safi za ndani, mpya, zinazotoka kwenye mfuko mbele ya mwenyeji, na neno moja kwake, "Mama ana miguu mibovu, tusamehe." Nilimuuliza mwenyeji kama angechukia. Alinishangaa. Alisema mama yake mzazi alikuwa na sukari hiyo hiyo, na angemletea kiti.

Kwa hiyo taarifa ndiyo iliyokosekana, na ilikosekana kwa adabu. Hatumuulizi mtu mzima ana ugonjwa gani. Fomu ya Kiingereza inauliza bila aibu kwa kuwa karatasi haina umri. Mratibu alipopiga simu, akizungumza na mtoto mkubwa, hakuweza kuuliza "mama yenu anaumwa nini?", na mtoto mkubwa naye hakuwa na sababu ya kulisema kwa mgeni. Mtu wa kuulizwa alikuwa mkwe, anayempangia dawa, na hakuna aliyempigia.

Kuhusu maji nina neno kali zaidi. Kwamba watu wa bara hawajui kupwa na kujaa si jambo la kuwalaumu. Mimi sijui kusoma ukungu wa milimani kwao. Lakini nyumba ya wageni ilikuwa na saa za maji zimebandikwa mapokezi, kwa Kiingereza, karibu na matangazo ya kukodi kaiti. Watoto wa kijiji waliosema "maji yametoka" walisema kweli ya saa ile. Mtoto hawezi kubebeshwa mzigo wa kuhesabu saa za wageni. Aliyepaswa kuwa nao ufukweni ni mwongozaji wa Unguja, ambaye siku hiyo alikuwa amepewa ruhusa kwa kuwa wageni "wanajua lugha". Lugha haimwonyeshi mtu mkondo ulipo.

Kamba za mwani na ile simu navitaja pamoja. Wageni wa nje huambiwa wazunguke mashamba na waombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Kwa familia hii kosa lilipita bila kusemwa, na kutosemwa huko kuliwagharimu wenyeji, kwani mwani uliokatika haukulipwa na mtu. Tunapoacha kuwaeleza wenzetu tunadhani tunawaheshimu. Wanaobeba hasara ni wale walio chini yao kabisa katika mnyororo wa utalii, wanawake waliosimama kwenye maji tangu asubuhi.

Jambo moja sikubaliani na barua ya mtoto mkubwa. Anasema kampuni ilipaswa kuwatendea kama Wajerumani. Ingewatumia waraka uleule, wangejua habari za mbung'o na mwewe, na binti angekuja na kanga yake. Lakini waraka ule haujui kitu kuhusu Mjomba, wala kuhusu ndala zilizovaliwa uani, wala kuhusu mtu anayeona aibu kuulizia viatu vyake. Umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye akikosa viatu mlangoni atauliza viko wapi. Kuutafsiri tu ingekuwa kazi nusu.

Kilichobadilika

Kampuni sasa hutuma ujumbe wa sauti kwa Kiswahili, dakika nne, uliorekodiwa na mwanamke mtu mzima, kwa sababu waligundua wazee hawasomi maandishi marefu kwenye simu lakini husikiliza na kuwasikilizisha wengine. Swali la magonjwa huulizwa na mfanyakazi wa kike kwa simu ya pembeni, kwa yule anayempikia au kumpangia mzee dawa. Kwenye gari la Unguja kuna mfuko wa yeboyebo za namba mbalimbali. Saa za maji hutajwa kila asubuhi kwa saa za Kiswahili, maana mtu aliyeambiwa "low 12:05", yaani saa ya maji kupwa, alikuwa anakisia kama ni mchana au usiku.

Ambalo halijaisha ni la dereva. Kampuni imeandika kwamba atakayefungua mlango hifadhini safari inakatishwa hapo hapo, awe nani. Madereva wamesaini. Niliwauliza faraghani wangapi wangemrudisha mzee wa mtu getini mbele ya wajukuu zake, na hakuna aliyeinua mkono.